Tonge Moja Hotelini kwa Mulu

Habari za kifo cha Mulu zilinikuta nimeshika mkasi. Aliyenipigia simu ni mwanamke tuliyepanga naye ploti moja Kabiro zamani, ambaye siku hizi anaishi ng'ambo, katika mji uleule aliohamia Mulu. Aliniambia Mulu alizikwa Jumamosi, kwamba kanisa lilijaa hadi nje, na kwamba baada ya maziko watu walikaa ukumbini wakalishana mpaka jioni. Nilimshukuru, nikaweka simu chini, nikabaki kwenye kiti changu cha kushonea nikitazama sketi ya shule niliyokuwa nimeikata nusu. Sikulia palepale. Kitu cha kwanza kilichonijia ni njaa, na naandika hivi kwa aibu kidogo, maana nilikuwa nimekula mchana huo na kushiba. Ilikuwa njaa ya kitu kichachu chenye pilipili, kinacholiwa kwa vidole kutoka sahani moja na watu wengine. Machozi yalikuja baadaye nikiosha sufuria, na yalikuja mengi.

Nikiulizwa ujana wangu ulikuwaje, huwa natafuta mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka ishirini na sita na cherehani ya miguu kwenye baraza ya chumba changu huko Kabiro, Kawangware. Mambo ya kabla ya hapo, nilikozaliwa na nilikosoma, hayana tofauti na ya wasichana wengine waliotoka magharibi kuja Nairobi, kwa hiyo nayaacha. Mwaka ule ulianza siku Mulu aliposimama mbele ya cherehani yangu na bunda la vitambaa vya meza akitaka vikunjwe kingo. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, wa rangi ya maji ya kunde, amesuka nywele mistari myembamba inayofunguka kisogoni. Tulijua ni Muhabeshi, tulijua alikuja kwa sababu ya vita vya kwao, na tulijua amefungua hoteli nyuma ya soko, lakini wengi wetu hatukuwa tumeingia. Ilisemekana wanakula chapati iliyooza. Alingoja nimalize kitambaa cha kwanza, akanitazama mikono, akasema, "Wewe nashona tangu asubuhi. Wewe umekula nini?" Nikamwambia chai. Akasema, "Chai si chakula. Beba hizi, tuende."

Hoteli yake ilikuwa vyumba viwili vya mabati vilivyounganishwa, kuta zimepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe juu, sakafu ya simenti iliyosuguliwa ikang'aa. Kulikuwa na meza tano za mviringo, fupi, za kufika magotini, na vigoda. Harufu ndiyo iliyokupokea mlangoni: kahawa inayokaangwa, ubani, vitunguu vilivyopikwa muda mrefu bila mafuta hadi vikawa vyekundu, na chini ya hayo yote ule uchachu. Hapakuwa na orodha ya vyakula. Mulu alikuja na birika na beseni, akakumwagia maji mikononi yeye mwenyewe, kisha akaleta alichopika siku hiyo. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye meza iliyokuwa tayari na mtu, mwanamume mwembamba mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, akaweka kati yetu sahani moja pana kama ungo, imefunikwa na injera, ile chapati yao laini, chachu, yenye vitundu, na juu yake mafungu ya dengu, sukuma na mchuzi mwekundu. Nikaomba sahani yangu. Mulu akanishangaa kweli. "Wewe mgonjwa?" akauliza. Nikasema hapana. "Umegombana na huyu?" Nikasema simjui hata jina. "Basi kula."

Yule mwanamume alikuwa Okech, fundi wa mbao, mtu wa kutoka ziwani, aliyepanga Kambi Muru kule Kibera na ndiye aliyezitengeneza zile meza tano. Alinionyesha kanuni za sahani hiyo kwa upole: unakula upande wako, unamega kipande, unashika chakula kwa kipande, huvuki mpaka kwenda kuchokora mbele ya mwenzako. "Hii sukuma hapa katikati ndiyo boda," akasema. "Ukivuka nakushtaki." Nilikula kwa tahadhari, koo likiwaka pilipili, na yeye akila polepole ili nisibaki nyuma, jambo nililoligundua baadaye sana. Mpaka wa sukuma uliliwa kutoka pande mbili hadi ukaisha. Kuanzia wiki hiyo nilikula kwa Mulu kila nilipoweza, na kila nilipokuja, kwa bahati ya ajabu, Okech alikuwa na mguu wa meza wa kukaza.

Sasa najua kwamba nilijifunza kupenda mtu kwa kumtazama anavyokula. Ukiwa na sahani yako unaweza kujificha. Unaweza kula nyama zote kwanza na hakuna atakayejua ulivyo. Kwenye sahani moja unaonekana. Niliona Okech anavyousukuma mfupa wenye nyama upande wangu huku akizungumza mambo mengine kabisa, na niliona kwamba akikasirika anaacha kula. Jumatano na Ijumaa Mulu hakupika nyama wala mayai wala maziwa, kwa sababu ya saumu ya kanisa lao, na tulizizoea siku hizo hata sisi tusiofunga. Na alikuwa na desturi moja iliyonitisha mwanzoni. Angepita mezani, akunje tonge kubwa kwa vidole vyake, alichovye kwenye mchuzi, akuwekee mdomoni. Hukuruhusiwa kukataa. Mara ya kwanza nilimuuma kidole na wateja wote wakacheka. Mara ya pili nilifumba macho kama mtoto, nikalishwa, na nikakumbuka kwamba tangu nifike Nairobi hakuna mtu aliyekuwa amenigusa uso.

Mwezi wa saba mama aliandika kwamba anakuja. Nilijua anachofuata. Kanisani kwetu Maragoli kulikuwa na mwalimu aliyefiwa na mke, mtu mzima, mwenye nyumba ya matofali, na mama alikuwa amezungumza na dada za mwalimu huyo hadi mambo yakawa kama yamekwisha. Barua ilisema atakaa wiki moja Nairobi aonwe macho hospitalini, na kwamba Ijumaa tutapanda basi pamoja, mimi na cherehani yangu. Mama hakuwa mkali. Alikuwa na hofu tu ya binti wa miaka ishirini na sita anayekaa peke yake katika chumba cha mabati, na hofu hiyo aliivaa kila siku pamoja na kitambaa chake cha kichwa. Nilimwambia Okech. Akauliza, "Umemwambia kuna mimi?" Nikasema bado. Akasema, "Basi mwambie, fundi. Mimi si kitu ya kuficha chini ya kitanda."

Hapo ndipo nilipojifanya mjanja. Lazima nieleze mwiko wetu, kwa sababu wajukuu wa watu wetu siku hizi wanaucheka. Kwetu, mama na mwanamume anayemuoa binti yake hawali pamoja. Hawaonani wakitafuna. Mkwe akija, mama anabaki jikoni, chakula kinapelekwa na mikono ya wengine, na wakikutana njiani mmoja anapisha kando akitazama majani. Kwa kina Okech ni vilevile, pengine zaidi. Wakila pamoja ndoa haifungwi kamwe, na ikifungwa kwa nguvu, watu wanangoja mabaya. Kwa hiyo nilipanga hivi: Jumapili baada ya kanisa nitamleta mama kwa Mulu, Okech atakuja na nyundo yake kama fundi wa kawaida, atengeneze kitu, aondoke bila kugusa chakula. Mama atamwona mtu akifanya kazi kabla hajasikia kabila lake. Jumatatu nitamwambia. Okech hakupenda, ila alikubali. Mulu sikumweleza chochote. Najua sababu, na haipendezi: niliona haya. Sikutaka mtu niliyemheshimu vile aone mila yetu na kudhani ni ushamba.

Jumapili ilianza vizuri mno. Mama aliinusa injera, akasema kwa Kimaragoli kwamba huu ni uji wa kuchacha uliosahaulika ukalala, halafu akala vipande vitatu. Mulu alipika kuku wa mchuzi mwekundu na mayai ya kuchemsha ndani yake, chakula cha sikukuu, kwa heshima yake. Nikamtania mama kwamba nyanya yangu alikufa bila kuonja kuku kwa sababu ulikuwa mwiko kwa wanawake, na sasa yeye anatafuna paja hadharani. "Kuku si mtu," akanijibu bila kuinua macho. Mulu akamlisha tonge, na mama, badala ya kushtuka, akacheka hadi akashika kifua. Okech akaingia wakati huo, akatusalimu kwa heshima, "Habari zenu, kina mama," akapiga goti kwenye meza ya pili. Mama alimtazama muda mrefu. Akaniinamia sikioni. "Ona anavyookota misumari," akasema. "Hakuacha hata mmoja. Kwa nini wewe hukutani na watu kama huyu?"

Ningeinuka wakati ule na kumwambia. Nilikuwa na neno mdomoni. Lakini Mulu, aliyejua vizuri kwamba mimi na Okech tunapendana, na aliyeona tu familia imekuja na kijana wa nyumba anafanyishwa kazi badala ya kukaa, alitoka jikoni na injera nyingine mkononi, akamvuta Okech kwa shati hadi kwenye kigoda cha nne, akatandika ile injera mbele yetu sote. "Nyundo baadaye," akasema. "Sasa wewe. Lisha mama." Okech aligeuka kijivu. Alinitazama. Kama angekataa, angemdharau Mulu mbele ya watu na angelazimika kusema ni kwa nini. Kama angekubali, wote wawili tulijua. Mama alikuwa akimtazama kwa tabasamu, akidhani ni mchezo wa wenyeji. Na mimi nikatikisa kichwa kumwambia alishe. Nimeishi miaka mingi na bado nauona ule mtikiso wa kichwa changu, mdogo, wa mtu anayetaka tu dakika ipite. Okech akakunja tonge. Mama akafungua mdomo.

Mulu akapiga kigelegele. "Mkwe yako amekulisha!" akasema kwa furaha yote. "Harusi lini?"

Mama aliacha kutafuna. Akaniangalia, akamwangalia Okech, akameza, kwa sababu hakuwa mtu wa kutema chakula. Kisha akainuka, akaenda kwenye beseni, akanawa mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, akatoka. Nilimfuata nyuma hatua kumi hadi kwenye ploti. Ndani ya chumba aliketi kitandani na kiatu kimoja mguuni. "Ni yeye?" akauliza. Nikasema ni yeye. "Wa wapi?" Nikasema wa ziwani. Akapunga mkono, kama kwamba hilo lilikuwa jambo la jana. "Nilikuwa nimempenda," akasema. "Unanisikia? Nilikuwa nimempenda yule kijana, na sasa amenilisha. Hawezi kukuoa. Aliyemharibia ni wewe." Halafu akavua kiatu kilichobaki.

Jumatatu nilimpeleka hospitalini, nikamrudisha, nikavuka kwenda Kambi Muru. Chumba cha Okech kilikuwa nyuma ya nyumba ya mama mmoja Mnubi, mwenye ploti, aliyekuwa barazani akipepeta mchele na kumsimulia jirani yake habari za mpangaji aliyeacha kula. "Tangu jana," nilimsikia akisema. "Nimempelekea bakuli limerudi vilevile. Huyo ama ni malaria ama ni mwanamke." Akaniona, akasema, "Haya, dawa imefika." Okech alikuwa akipiga randa ubao uliokwisha kulainika. Hakuacha. "Nimelisha maro," akasema, kwa neno la kwao la mama mkwe. "Kwa hii mkono. Rasoa, kwetu hii maneno si mchezo. Mzee wangu akisikia, hawezi kanyaga kwenu hata na ng'ombe mia." Nikamwambia kosa ni langu. "Ni lako, eeh," akasema. "Lakini mkono ni wangu." Nikakaa juu ya rundo la maranda nikalia, na yeye akaendelea na randa, ubao ukazidi kuwa mwembamba bila sababu. Nilipoondoka hakunisindikiza.

Jumanne nikaenda kwa Mulu na kumwambia yote. Alikuwa akikoroga sufuria. Alisimamisha mwiko wake hewani. "Kwa nini hukuambia mimi?" akauliza. Nikamwambia niliona aibu. "Aibu ya nini? Mimi kwetu tuna mambo mia kama hayo. Wewe unanyamaza, mimi napiga kelele ya furaha kama mjinga." Alikuwa na haki ya kunifukuza. Alinikalisha, akanipa chakula, akakaa mbele yangu akila upande wake wa sahani hadi tukamaliza. Nashukuru kwa vyakula vingi nilivyokula duniani, lakini hicho nakishukuru zaidi, kwa sababu sikustahili hata kukinusa.

Jumatano mchana Mulu alikuja kwenye chumba changu na kikapu. Nilikuwa barazani nikishona. Alimsalimu mama kwa kuinama, akatandaza majani mabichi kwenye sakafu yangu ya simenti, akawasha jiko, akaanza kukaanga kahawa mbichi kwenye kikaango kidogo. Ukuta wa mabati haufichi neno, na mimi nilikanyaga cherehani bila uzi ili nionekane nina kazi. Hawakuwa na lugha moja nzuri. Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni na cha kanisani, cha Mulu kilikuwa cha jikoni, na walikutana humo humo.

"Mama, mimi nimekosa," Mulu akasema.

"Hujakosa. Hukujua," mama akajibu. "Mwenye alijua ni huyu anajifanya anashona huko nje."

Niliacha kukanyaga. Halafu nikaona ni vibaya zaidi, nikaanza tena. Kahawa ilitwangwa, ikachemshwa kwenye chungu chenye shingo ndefu, ikamiminwa vikombe vidogo visivyo na mkono. Mama alisifu, akaongeza sukari. Akamuuliza Mulu kama ana watoto.

"Moja. Msichana."

"Ameolewa?"

"Ameolewa. Mimi nilikuwa nimekimbia tayari. Barua ilikuja mwaka umepita." Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. "Mume yake mimi sijui. Sura sijui, mkono sijui. Mkwe yangu akipita hapa Kawangware, ataingia kwangu, atakula, ataenda. Mimi nitamwagia yeye maji kwa mkono na sitajua."

"Basi wewe hata huna wa kukwepa," mama akasema.

"Nikwepe nani, mama?"

Wakanywa cha pili. Watoto wa ploti walikuja mlangoni kwa ajili ya bisi alizoleta Mulu, wakapewa, wakaondoka. Kisha Mulu akasema jambo ambalo nadhani ndilo alilokujia. Akasema kwamba ile Jumapili inamsumbua kwa sababu nyingine. Kwao, mtu akikulisha tonge moja akaacha, amekufukuza. Kuna ubaya unabaki katikati yenu. Ni lazima angalau mawili. Okech alilisha moja tu, halafu mama akainuka. "Kwa hiyo imebaki vibaya," akasema. "Kwenu na kwetu, vibaya."

"Ngoja," mama akasema. "Kwenu nimekula kidogo?"

"Kidogo sana."

"Na kwetu nimekula sana."

Halafu nikasikia mama akicheka, kwanza puani, kisha kwa sauti, na Mulu akacheka naye, wanawake wawili wamekaa kwenye majani ndani ya chumba changu, wakicheka jambo lililokuwa linanivunja moyo. Nilichukia kidogo, sitaficha. Nilidhani wanacheka kwa sababu limekwisha.

Asubuhi ya Alhamisi mama aliniambia nifunge cherehani. Nikaifunga kwa magunia na kamba, nikilia waziwazi, na yeye akinishikilia mafundo kwa kidole bila kunikemea. Nilipomaliza akauliza yule Muhabeshi hufungua saa ngapi. Nikasema saa nne. "Mpelekee yule fundi habari," akasema. "Awe pale kesho saa tatu, kabla ya watu. Basi letu ni la saa tano." Nikamuuliza anataka kumwambia nini. "Mimi siwezi kuongea na yeye," akasema, "lakini siwezi kumwachia Mulu ubaya ndani ya nyumba yake. Amenilisha vizuri." Akaanza kufunga begi lake.

Ijumaa saa tatu tulikuwa hotelini, mabegi mlangoni, cherehani juu ya mkokoteni nje. Okech alikuwa amesimama kona ya mbali akiangalia ukuta, ameoga, amevaa shati la kola, uso umekonda kwa wiki moja. Mama naye aliangalia ukuta mwingine. Akamweleza Mulu anachotaka: atakula tonge la pili, ili la kwanza lisibaki peke yake, lakini kijana hatamwona na yeye hatamwona kijana, na halitaingia mdomoni kutoka kwa mkono wake. Atalipokea kiganjani. Mulu alisikiliza kama mtu anayepokea maagizo ya karamu. Hakucheka hata kidogo. Alikuwa ametoka kanisani na shela yake nyeupe yenye pindo la rangi. Aliivua mabegani, akafunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa ukuta wa pili, akaitundika hapo, chumba kikagawanyika. Mama akakaa upande wa jikoni. Okech akakaa upande wa mlango. Mimi nilisimama pale shela ilipoishia, kwa hiyo niliwaona wote wawili, na nadhani katika nchi nzima asubuhi hiyo hakuna aliyeogopa kama mimi.

Kwa kuwa ni Ijumaa, ilikuwa dengu na sukuma. Mulu akaweka sahani upande wa Okech. Nilimwona akimega injera, ikakatika vibaya, akaanza upya. Vidole vyake, ambavyo viliweza kuingiza msumari mahali pembamba bila kupasua ubao, vilishindwa kukunja tonge, dengu zikadondoka gotini kwake. Chini ya pindo la shela ukatokea mkono wa mama, kiganja juu, na mipasuko yake ya jembe. Okech aliutazama mkono ule. Akaweka tonge katikati ya kiganja, taratibu, akarudisha mkono wake haraka. Kiganja kikafumba, kikaondoka. Nilimwona mama akila, peke yake, akiitazama mishono ya ile shela, akitafuna kwa makini hadi mwisho. Nilihesabu mabati ya paa. Nilijua kwamba akimaliza atanawa, atasema ubaya umeondoka, na tutatoka kwenda kupanda basi.

Akameza. Akajipangusa mdomo kwa kitambaa. Kisha akazungumza, kwa Kiswahili, ili asikie kila mtu, akiielekeza sauti kwa Mulu kama inavyotakiwa.

"Dada, mwambie huyo fundi jambo hili. Jumapili nilikula kwa mkono wa kijana wa hoteli yako. Sikuwa na mkwe siku hiyo. Mkwe nimepata leo, na leo sijamwona. Mwambie akija kwangu asije peke yake, aje na wazee wake. Wao watakula sebuleni na mimi nitakula jikoni, kama watu."

Okech alikuwa ameinamisha uso kwenye magoti. Nilitaka kwenda kwake na nilitaka kwenda kwa mama, nikabaki nimeshika ukuta. Mulu alisema neno la kwao, la shukrani au la sala, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaenda kwenye msumari kufungua kamba.

"Wacha kwanza. Mwambie aongeze," mama akasema, na mkono wake ukatoka tena chini ya shela, kiganja juu.